Sungura Hana Sauti? Njoo Kwangu Rau Saa Nane Usiku

Ukikaa na wafugaji wa sungura hapa Moshi, kuanzia huku Rau hadi Pasua, kuna sifa moja utaisikia ikirudiwarudiwa: huyu mnyama hapigi kelele. Jogoo atawika, mbwa atabweka, mbuzi atalia mpaka jirani alete maneno, lakini sungura yupo tu. Ndiyo maana wapangaji wanampenda. Mwenye nyumba asiyetaka kusikia habari ya mbwa uani hana neno na sungura wawili kwenye banda la mbao nyuma ya jiko. Mimi nami niliwachukua wa kwangu kwa sifa hiyohiyo, na kwa kuwa watoto walikuwa wameshaniganda. Sasa mtu akiniuliza namwambia ukweli. Sungura ana sauti, tena si moja, ila nyingine ni za chini kiasi kwamba redio ikiwa wazi huzisikii. Na siku akiugua ndipo anaponyamaza kabisa, na ukimya huo ndio unaoua sungura wengi kuliko paka na nyoka.

Wangu ni wawili. Jike ni mweupe mwenye masikio ya kijivu, anaitwa Dada Mkuu, maana hakuna kinachofanyika bandani bila idhini yake. Dume ni wa kahawia, anaitwa Bwana Afya. Jina hilo alilipata wiki ya kwanza: kila kitu kipya kikiingia uani, iwe ndoo, kandambili au mguu wa mgeni, lazima akikague kisha akipitishie kidevu. Chini ya kidevu ana tezi zenye harufu ambayo sisi hatuisikii, na akishapaka amemaliza, kitu kimekuwa mali yake. Mpaka leo nusu ya vyombo vyangu vya plastiki ni vyake.

Jirani yangu, anayefuga kwa ajili ya nyama, akinikuta nimechutama mbele ya banda hucheka: "Aisee mama, bado unaongea na mboga?" Sina ugomvi naye. Nyama ya sungura ni nyama, na sungura wengi wa mkoa huu huishia sufuriani. Lakini ninachohitaji kujua mimi ndicho anachohitaji kujua yeye. Mnyama wake akifa kwa tumbo wiki moja kabla ya mnunuzi kuja, hasara ni yake, na dalili zilikuwepo bandani muda wote.

Nianze na sauti inayoamsha nyumba nzima. Sungura akishtuka hupiga chini kwa mguu wa nyuma: du! Ananyamaza, anasikiliza, halafu du! tena. Kwenye sakafu ya mbao mlio huo unavuka ukuta. Mababu wa sungura wote wa kufugwa walitoka Uhispania na Ureno, walikoishi kwa makundi kwenye mashimo ardhini, na pigo la mguu lilikuwa taarifa kwa walio chini kwamba huku juu hakuko salama. Kwetu adui ni paka, nguchiro, kicheche, na mara chache nyoka aliyefuata panya. Kwa hiyo Dada Mkuu akipiga mguu saa nane usiku, nachukua tochi. Mara nyingi ninachokuta ni paka wa nyumba ya pili amekaa juu ya tofali, anatazama pembeni, anajifanya hahusiki. Ukimkuta sungura ameganda, macho yamemtoka, tumbo amelibana chini, usikimbilie kumbeba. Kaa karibu, ongea kwa sauti ya chini, mwache moyo utulie. Hofu yenyewe ni hatari kwa mnyama huyu. Sungura akisumbuliwa na mbwa nje ya banda usiku kucha anaweza kuacha kula kesho yake, hata kama mbwa hakumgusa.

Hupiga mguu kwa hasira pia. Dada Mkuu nikimrudisha bandani kabla hajamaliza matembele, nitapigiwa mguu na kugeuziwa mgongo, na hiyo kugeuziwa mgongo si bahati mbaya.

Kuguna kwa mkato, pamoja na kurusha miguu ya mbele, maana yake ni toka hapa. Utakusikia zaidi kwa jike mwenye mimba, aliyezaa, au anayeona unaingiza mkono kwenye kona yake. Wakati mwingine si ukali, ni kwamba umemshtua. Macho yake yako pembeni ya kichwa, anaona karibu pande zote mpaka juu na nyuma, ila pale mbele ya pua na chini ya kidevu haoni. Mkono ukitokea hapo ghafla, kwake umetoka hewani. Upeleke kwa juu ukitokea pembeni, mguse paji la uso kwanza.

Bwana Afya ana mlio wake mwingine, mguno wa puani wa mfululizo, wa chinichini, anaoutoa huku akinizunguka miguu. Watoto walidhani ni njaa. Ni mahaba. Dume asiyehasiwa humzunguka jike hivyohivyo, na akikosa jike atazunguka kandambili. Usilichukulie kama mchezo, maana sungura huanza kupata uwezo wa kuzaa akiwa na umri wa miezi 4 hivi, mimba ni siku 30 hadi 32, na jike anaweza kushika mimba nyingine siku ileile aliyozaa. Ndiyo maana kati ya hawa wawili kuna wavu. Wanalala wameegemeana, wavu katikati, kila mtu na heshima yake.

Halafu kuna meno, na hapa ndipo napenda watu watulie kidogo. Sungura akisuguliwa paji la uso na mashavu, akiwa amelegea, macho nusu yamefumba, husugua meno yake taratibu. Unaisikia kwa vidole kabla ya masikio: taya linatetemeka kidogo. Huyo ameridhika. Sasa kuna kusaga meno kwingine, kwa nguvu, kunakosikika ukiwa umesimama mbali, na anayefanya hivyo huwa amejikunyata kwenye kona peke yake, macho ameyakaza, masikio ameyalaza nyuma, hataki kuguswa. Huyo ana maumivu makali. Mtu aliyesoma mahali kwamba sungura akisaga meno ana furaha anaweza kukaa anamchekea mnyama anayekufa. Usisikilize meno peke yake. Tazama mwili.

Yowe ni la mwisho. Hulitoa akikamatwa na mnyama, au akiwa na uchungu au hofu isiyo na kifani. Wengi wanafuga miaka bila kulisikia, na iwe hivyo.

Jioni, jua likishuka nyuma ya migomba, nawatoa uani kwa zamu, na hapo ndipo unajua sungura mzima akoje. Asubuhi na jioni ndiyo saa zake. Mchana hulala, mara nyingi macho wazi. Bwana Afya hutoka mbio, anaruka, na angani anajipinda, kichwa huku, miguu kule. Mgeni mmoja aliniuliza kama ana kifafa. Ni furaha, basi. Akichoka anajiangusha kwa ubavu, puu, miguu imenyooka, na mara ya kwanza watoto walikuja ndani wanalia kwamba amekufa. Anayejiangusha hivyo anakuamini, kwa sababu mnyama anayewindwa halali ubavu mahali anapopaogopa. Tofautisha na yule unayemlaza wewe chali mapajani akatulia tuli. Kuna watu huonyesha hilo kama ufundi. Yule hajatulia, ameganda kwa woga, na moyo unamwenda mbio.

Na kwa kuwa nimegusa kubeba: masikio si mpini. Sokoni unamwona muuzaji anamwinua sungura kwa masikio, miguu inapiga hewani, mnunuzi anamkagua. Mifupa ya sungura ni myepesi na misuli ya miguu ya nyuma ina nguvu mno; teke moja akiwa hana pa kukanyaga linaweza kumvunja uti wa mgongo, na miguu ya nyuma haisimami tena. Mkono mmoja chini ya kifua, mwingine chini ya makalio, mbane kifuani kwako. Mtoto mdogo akae chini kabisa ndipo apakatishwe.

Sasa ugonjwa. Hadithi zetu zimemfanya sungura kuwa mjanja wa porini, anayemzidi fisi akili kila mara. Wa bandani ana ujanja mmoja unaomponza mwenyewe, kuficha. Mwituni anayechechemea ndiye anayeliwa, kwa hiyo sungura huvumilia mpaka nguvu zimwishie. Siku unayomwona amelala kwa namna inayokutisha, ugonjwa unaweza kuwa una siku kadhaa. Ushauri wangu kwa anayeanza ni kwamba asihangaike kukariri magonjwa. Amjue kwanza sungura wake akiwa mzima: anakimbilia chakula upande gani, anakula nini kwanza, choo chake kinafananaje, anakaa wapi saa saba mchana. Ukishamjua hivyo, dalili itakupigia kelele yenyewe.

Mimi naanza na choo, na sioni aibu. Asubuhi nikifagia chini ya banda nasoma. Sungura mzima hutoa mamia ya vidonge kwa siku, mviringo, vikavu, vya ukubwa unaokaribiana, na ukikivunja kimoja ndani ni nyuzi za nyasi tupu. Vikiwa vidogo, vyeusi, vigumu, amepunguza kula au hanywi maji. Vikiunganishwa na manyoya mithili ya tasbihi, ananyonyoka na analamba manyoya mengi. Ongeza nyasi na umchane. Kukiwa hakuna vidonge kabisa, chai itapoa, unatafuta daktari.

Kuna choo cha pili ambacho wengi hawajawahi kukiona, kwa sababu hakifiki chini. Ni laini, cheusi, kinang'aa, kimeshikana kama forosadi lililoiva, na sungura hukila moja kwa moja kinapotoka, mara nyingi usiku au alfajiri. Humo mna protini na vitamini za kundi B ambazo bakteria wa tumboni wametengeneza, na asipokila anadhoofika. Kwa hiyo ukimwona ameinamia mkiani anatafuna, mwache. Ukikikuta hicho kimebaki sakafuni au kimemganda makalioni ndipo uulize: chakula ni kizito mno, amenenepa hafiki, au mgongo unamuuma? Makalio machafu kwenye joto letu huita nzi, nzi hutaga, na funza wanaweza kuanza kumla akiwa hai ndani ya siku moja. Geuza, tazama, osha sehemu hiyo tu, kausha.

Ugonjwa unaoogopwa kuliko yote ni tumbo kusimama. Utumbo wa sungura umeumbwa kutembea muda wote, na kinachousukuma ni nyuzi za nyasi. Hawezi kutapika, kilichoingia kina mlango mmoja wa kutokea. Nyasi zikipungua, au akipata joto, kiu, hofu, au maumivu ya jino, mwendo unapungua. Kilichomo kinakauka, gesi inajaa, gesi inauma, na kwa kuwa inauma hataki kula, na kwa kuwa hali, utumbo unazidi kulala. Saa 12 bila kula au bila choo ni dharura. Si "tumwangalie mpaka Jumatatu".

Bwana Afya alipata hilo mwezi wa Januari, ule wa joto la Moshi ambapo hata feni inapuliza moto. Nilimwekea matembele jioni. Alikuja, akanusa, akakaa. Hakuondoka wala hakula. Hilo la kunusa na kukaa ndilo lililonishtua, maana kwa matembele yeye humpita hata Dada Mkuu. Nikamwangalia vizuri: mgongo ameupinda, anajisogeza, anajilaza tumbo likigusa saruji, anainuka, anajilaza tena. Meno yalisikika. Masikio nikayashika, yalikuwa ya baridi, na joto lote lile. Nikaweka sikio ubavuni. Kwa kawaida kuna miguno midogo ya tumbo inayokuja na kuondoka, ila usiku ule kulikuwa kimya.

Daktari wa mifugo tuliyempata kwa simu alikuja na pikipiki. Alimpima joto, la kawaida kwa sungura ni kati ya nyuzi 38.5 na 40, na likishuka chini ya 38 hali ni mbaya. Alimbonyeza tumbo kwanza. Hilo lina sababu: tumbo likiwa limevimba na gumu kama limefungwa, kumlazimisha kula kunaweza kumuua. Halikuwa hivyo. Akampa dawa ya maumivu, akamchoma maji chini ya ngozi ya shingo, akatuachia bomba la sindano lisilo na sindano tumpe uji wa chakula chake cha vidonge kilicholowekwa, kidogokidogo pembeni ya mdomo, huku akipata muda wa kumeza. Tulimweka kwenye boksi lenye kitambaa cha uvuguvugu, Dada Mkuu pembeni ya wavu, kwa maana mgonjwa aliyetengwa na mwenzake hukata tamaa. Alfajiri mwanangu wa pili alikuja mbio na kidonge kimoja cheusi kiganjani, kidogo kuliko punje ya mtama. Sijawahi kushangilia mavi maishani mwangu, ila siku ile tulishangilia.

Joto lenyewe linastahili neno. Sungura hatoi jasho, hupoza mwili kwa masikio. Ikipita nyuzi 28 anaanza kuteseka, na mabati bila kivuli ni tanuri. Akihema haraka sana, amejinyoosha, masikio ya moto, pua imelowa, mpeleke kivulini na umloweshe masikio kwa maji ya kawaida, si ya barafu. Chupa ya maji iliyogandishwa na kufungwa kwenye kanga, ikawekwa bandani mchana, inasaidia sana. Dada Mkuu huiegemea mpaka iyeyuke. Maji ya kunywa yasikauke. Sungura wa kilo 2 anaweza kunywa mpaka mililita 300 kwa siku, na bakuli zito ni bora kuliko kikopo anachokipindua. Wenzetu wa Arusha hawana shida hiyo sana, wao wapambane na unyevu na baridi ya Juni na Julai.

Mapumzi ya kawaida ni 30 hadi 60 kwa dakika. Sungura hupumua kwa pua. Ukimwona amefungua mdomo anahema, usimalizie kusoma hapa.

Chakula nitakisema kwa ukali kidogo. Pumba, mkate, ugali uliobaki na maganda ya viazi vimeua sungura wengi hapa mjini, na karoti ya kila siku nayo haijamsaidia yeyote, ina sukari. Nyasi ziwe ndizo mlo, nyasi kavu muda wote, mabingobingo machanga yaliyonyauka kidogo, na majani kama matembele na kishona nguo kwa kuongezea. Nyasi mbichi zilizolundikwa kwenye gunia mpaka zikapata joto, tupa. Mparachichi uko kila ua Kilimanjaro, na majani yake ni sumu kwa sungura. Vivyo hivyo majani ya nyanya na ya viazi mviringo. Lukina, ambayo wenye mbuzi wanaisifu, ikizidi humnyonyoa sungura manyoya.

Meno yake hayaachi kukua. Ya mbele ya juu huongezeka kama milimita 2 kwa wiki, na kinachoyasaga ni nyasi. Sungura anayeendea chakula kwa hamu, akakitia mdomoni, kisha akakiacha kidondoke, ana njaa lakini meno yanamzuia. Kidevu kikiwa kimelowa mate, jibu ni hilohilo. Usimkate meno na mkasi wa kucha. Jino hupasuka mpaka kwenye mzizi.

Mafua ya sungura si mafua ya mtoto. Kupiga chafya mara moja kwa vumbi la nyasi ni sawa. Akipiga mfululizo, pua ikitoa ute mzito mweupe, tazama miguu ya mbele kwa ndani: ikiwa manyoya yamegandana, amekuwa akijifuta kamasi kwa siku nyingi. Na hapa ndipo penye hatari ambayo ningependa ijulikane kila mtaa. Kijana mmoja wa mtaa wa pili alimfungulia sungura wake kidonge cha amoksilini kwenye maji, kama wengi tunavyojitibu nyumbani. Mafua hayakumuua yule sungura. Alihara, akafa. Dawa za kundi la penisilini zikipitia mdomoni huua bakteria wazuri wa utumbo wa sungura, wabaya wenye sumu wakatawala. Ziko antibayotiki anazozivumilia, ila achague daktari, na mkumbushe kwa heshima kwamba mgonjwa ni sungura, si mbuzi mdogo.

Ukurutu huanzia puani, kwenye ncha za masikio au kwenye vidole, ukoko wa kijivu, na anajikuna mpaka damu. Kwenye masikio kuna utitiri mwingine unaojaza ukoko ndani ya sikio. Anatikisa kichwa, anakilaza upande. Usibandue ukoko, unauma mno, utadondoka wenyewe akitibiwa. Usipake oili chafu, ataila kwa kujilamba. Ivamektini hutibu, kipimo kwa uzito wake, hurudiwa baada ya wiki kama mbili, na wote wa banda moja watibiwe pamoja. Dawa ya viroboto ya mbwa yenye fipronili usimguse nayo kabisa. Kichwa kikipinda moja kwa moja na anazunguka au anaanguka, inaweza kuwa sikio la ndani au kimelea cha ubongo, mwahishe.

Vitoto vya mwezi mmoja hadi mitatu vikihara wakati wa masika, tumbo limevimba na mgongo umebaki mfupa, fikiria koksidia kwanza, kimelea cha tumboni. Dawa zipo kwenye maduka ya mifugo, lakini banda kavu linatangulia dawa: mayai ya kimelea hiki huhitaji siku moja au zaidi nje ya mwili kabla hayajaweza kuambukiza, kwa hiyo anayefagia kila siku anamshinda adui kabla hajavaa buti.

Mkojo huchanganya watu. Ukiwa mweupe, mzito, ni kalsiamu. Wa machungwa au mwekundu mara nyingi ni rangi ya majani aliyokula, na siku ya pili umerudi. Matone ya damu, au kujikamua bila kutoa, ni jambo lingine, hasa kwa jike aliyepita miaka 4, maana saratani ya mfuko wa uzazi ni ya kawaida kwa wasiohasiwa.

Dada Mkuu naye aliwahi kujinyonyoa kifua chote na kukusanya nyasi mdomoni. Jirani akasema amerukwa na akili. Alikuwa na mimba ya uongo, ikaisha yenyewe. Jike mwenye mimba ya kweli hufanya hivyohivyo siku za mwisho, kisha akizaa hunyonyesha mara moja au mbili tu kwa siku, dakika chache, akaondoka. Watu humhukumu kwamba amevitelekeza vitoto. Tazama matumbo yao asubuhi. Yakiwa ya mviringo, mama anajua kazi yake.

Uzito napima kila wiki kwa mizani ya mwenye duka, ndani ya beseni, wateja wakiuliza kilo ni bei gani. Kushuka kwa uzito huonekana kwenye mizani kabla ya kuonekana kwa macho, hasa kwa mwenye manyoya mengi.

Kuhusu daktari: mtafute kabla hujamhitaji. Wengi mjini wamezoea ng'ombe, kuku na mbwa, na si kosa lao. Piga simu, uliza kama amewahi kutibu sungura, na kama hajawahi, uliza anamjua nani. Siku ikifika, mwambie mara ya mwisho alikula saa ngapi, mara ya mwisho ulipoona choo ni lini, uzito wake, na umempa nini kwa mdomo, hata kama ni kitu unachoona aibu kukitaja. Choo kiweke kwenye mfuko uende nacho. Ukiweza, mrekodi kwa simu anavyokaa na anavyosaga meno, kwa sababu akishawekwa kwenye meza ya mgeni ataficha kila kitu na daktari ataona sungura aliyetulia tu. Njiani mfunike boksi kwa kanga, mwekee nyasi, na kama ni kwenda na daladala, kaa mbali na spika.

Bwana Afya ndiye mgumu kusafirisha. Alipofika kliniki kwa ukaguzi baada ya kupona, alishuka mezani mwa daktari akapitisha kidevu kwenye mizani, kwenye boksi la glavu, na kwenye kiatu cha daktari mwenyewe.